Punje Mbili Nilizoziondoa

Kahindo, mwenzangu wa benchi,

Hii ni wiki ya pili tangu uende Oicha kwa mjomba wako, kwenye shamba lake la kakao, na simu yako haipatikani. Barua hii nampa dereva wa lori anayepita Beni kesho asubuhi kuja huko. Naiacha wazi, bila bahasha. Yeyote atakayeishika aisome, maana kosa ni langu.

Unakumbuka jikoni kwa mama, hapa Butembo, siku moja kabla ya mtihani wa mdomo? Tulipanga maharage mezani kwa mafungu: mekundu yawe shaba, meupe oksijeni, ya njano klorini, meusi hidrojeni. Upande huu CuO na HCl, upande ule CuCl₂ na H₂O. Pande hazikulingana. Upande ule nikaondoa punje moja ya njano na moja nyeusi.

"Sasa iko sawa," nikasema.

"Kweli, Masika?"

Nilikuwa na shaka, lakini niliona haya kusema sijui. Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake Monsieur, mwalimu wetu wa kemia, akakuita ubaoni. Ukaandika vilevile: CuO + HCl → CuCl + HO. Yeye, mtu aliyekulia kwenye migodi ya shaba, akaigonga ile HO kwa chaki.

"HO? Hii ni maji gani? Kwetu Likasi tunakunywaka H₂O!"

Darasa zima likacheka.

"Nani alikufundisha hivi?"

Ukanitazama mara moja tu.

"Ni miye mwenyewe, Monsieur."

Sikusimama. Nilipita mtihani, wewe ukaanguka.

Jana nilikwenda kwake. Nikasema yote.

"Na ile siku kinywa yako ilikuwa wapi?" akaniuliza. Akafunga daftari lake. "Arudie mtihani Jumatatu. Lakini mukuje wote wawili."

Ni mara hii tu, Kahindo. Usipofika, cheti chako kitangoja mwaka mzima. Kila lori linalotoka Beni nalitazama nione nani anashuka.

Donc basi, rudi, dada yangu. Punje haiondolewi kwenye fungu, linaongezwa fungu zima: CuO + 2HCl → CuCl₂ + H₂O. Weka 2 mbele ya HCl, usiguse kingine.

Jumatatu nitakuwa mlangoni tangu saa moja, maharage mfukoni. Akiuliza tena nani alikufundisha, wewe nyamaza. Swali hilo ni langu.

Ni mimi, yule wa upande wa dirisha kwenye benchi letu,
Masika