Kiraka Kwenye Damu ya Pini

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zitangulie barua yenyewe. Sisi wazima. Baba yako mzima, goti tu ndilo linalomnunia. Mdogo wako kinyozi anakusalimu, bado ananyoa watu na kuwasengenya. Shangazi yako anakusalimu, anasema umemtupa. Hata cherehani yangu inakusalimu, nimeitia mafuta. Hofu ni kwenu huko hospitalini, wewe na mjukuu wangu Pini.

Eti madaktari wanataka kutumia kirusi kwa Pini? Tena cha jamii ya kile cha UKIMWI? Mtoto ugonjwa wa damu, hiyo selimundu, umemtafuna tangu ananyonya, hakui, gauni la mwaka juzi bado linampwaya, halafu aongezewe ugonjwa! Shangazi yako kusikia tu, kaacha chai mezani. Usitie sahihi. Nijibu upesi, usingizi umenihama.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama. Shikamoo baba, pole na goti. Shangazi anywe chai yake.

Mama, si kuna wateja wanakuletea gauni lililokwisha shonwa, hawana karatasi ya kukatia? Unalipima, unachora karatasi kutoka kwenye gauni, kinyumenyume. Virusi vya jamii hii navyo hufanya hivyohivyo. Vinageuza maagizo yao yawe DNA, yaani ule uzi mrefu wa maagizo ulio ndani ya chembe za mwili wetu. Kisha vinaukata uzi wa chembe na kujishona hapohapo. Chembe ikizaa, inazaa na kiraka chake.

Kirusi hiki cha Pini wamekifumua, wametoa ubaya, hakiwezi kuzaana. Wametia humo maagizo ya damu nzuri. Watatoa mbegu za damu kwenye uboho ulio ndani ya mifupa yake, kirusi kizishonee kiraka, halafu wamrudishie.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Sote wazima, ila mimi nimeelewa, na ndiyo maana naogopa zaidi. Kiraka kikishonwa pabaya, mkono wa gauni unaziba. Hicho kikijishona pasipo pake je? Waulize!

Mama yako

15 Aprili

Shikamoo mama.

Nimewauliza, hawakunificha. Inaweza kutokea, ila ni nadra, na watampima miaka na miaka. Lakini mama, maumivu haya ya mifupa yatammaliza. Nataka kutia sahihi. Naomba baraka yako kwanza.

Mwanao

24 Aprili

Tia sahihi, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama yako

9 Novemba

Shikamoo mama.

Nisamehe ukimya. Dawa za kumwandaa zilimnyonyoa nywele zote, nikakosa la kukuandikia. Sasa zimeota. Na kiraka kimeshika, mama! Damu yake mpya inakuja nacho. Mifupa haijamliza tangu tutoke wodini. Jana tulirudi kupima, akakimbia kwenye korido mpaka muuguzi akamfokea. Mimi nikacheka na kulia.

Ila gauni ulilotuma halipiti mabegani.

Mwanao

21 Novemba

Mwanangu,

Baba yako mzima, leo kalisahau goti, kacheza sebuleni. Kinyozi anasema nywele hizo asiziguse mtu ila yeye. Shangazi yako chai imempolea tena, safari hii kwa furaha.

Gauni nililikata kwa karatasi ileile ya siku zote, maana mtoto hakuwa anakua. Sijawahi kufurahia kuharibu kazi namna hii! Karatasi nimeichana. Na hilo jina la Pini, tulilompa kwa udogo wake, nalo karibu litambana. Kitambaa kiko mezani, mkasi mkononi. Mpime mabega, kifua na urefu, unitumie upesi kabla hajaongezeka tena.

Bibi yake Pini