Mama Mkwe, Naachana na Mwanao

Mpendwa mama mkwe,

Nilitaka habari hii uipate kwangu, ingawa umelala Ndalambo na hunijibu. Jumatatu naenda mahakama ya mwanzo kuomba talaka. Naachana na Ezekia.

Wewe ndiye uliyemzaa, kwa hiyo sitamsema sana. Tangu tukuzike amekuwa akilala ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa mwanamke mwingine. Nilivumilia. Lakini mwezi uliopita alikuja hapa Tunduma na mtu mwenye futi kamba, wakaanza kupima kiwanja huku mimi naanika nguo. Nikamuuliza, "Baba Anna, kulikoni?"

Hakunitazama. "Nauza nyumba yangu."

Nyumba yake! Mama, si unakumbuka kiangazi kile tulipofyatua tofali? Ulishuka kwenye basi na kiroba cha unga wa ulezi, ukavua viatu, ukaingia kwenye tope pamoja nami. Mimi Mnyiha wa Mbozi, wewe Mnamwanga, Kiswahili chetu sote cha kuokoteza. Tulicheka kuliko tulivyoongea. Siku tulipowasha tanuru uliushika mkono wangu uliochubuka, ukasema, "Mwana ni wangu. Jasho hili ni lako."

Hayo uliniambia mimi peke yangu. Nilipoanza kukusanya vielelezo, cheti cha ndoa nilikipata kanisani, ila hati ya mauziano ya kiwanja Ezekia alishaibeba. Ofisi ya mtaa walikuwa na nakala. Mtendaji akaisoma yote, akatikisa kichwa.

"Jina lako halimo, mama. Una shahidi aliyewaona mkijenga?"

Nikakutaja wewe. Akashika kalamu. "Anapatikana wapi?"

Nikamwambia uko kaburini, akaiweka kalamu chini.

Nikabaki na Tabitha, kitindamimba wako, uliyekuja naye kiangazi kile. Njia nzima ya Ndalambo, juu ya bodaboda, nilikuwa najiuliza: namwombaje mtu asimame dhidi ya kaka yake wa tumbo moja? Nilimkuta ndani anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote. Akaendelea kupukuchua, mpaka nikaanza kuinuka.

"Kaa, wifi," akasema. "Kaka alishanipigia. Alisema ukija nisikufungulie mlango."

"Na wewe?"

"Si umeingia?"

Kwenye baraza la kata Ezekia alifika mapema, shati limepigwa pasi. Alipomwona dada yake anaingia nyuma yangu alisimama. "Tabitha, unajua unachofanya?"

"Najua, kaka. Mama alikuja kufyatua tofali na wifi, wewe ukiwa safarini Zambia. Mimi ndiye niliyekuwa nawatekea maji. Unataka niseme sikuwaona?"

Mwanao akaangalia sakafu. Alifanana na wewe, mama, na hilo liliniuma kuliko maneno yake yote. Mwenyekiti wa baraza akatuuliza kama tunaweza kupatana. Ezekia akasema hapana, nami nikasema hapana. Ilikuwa muda mrefu hatujakubaliana jambo. Tukapewa barua ya kwenda mahakamani, na ikaelezwa mbele ya wote kwamba nyumba isiguswe mpaka hakimu aamue. Mnunuzi naye akajitoa.

Bado sijashinda chochote. Naamka usiku, naihesabu nyumba chumba kwa chumba, nisijue kipi nitaachiwa. Lakini hofu iliyonikaba zaidi si ya nyumba. Nilihofia kwamba nikimwacha yeye nitakuwa nimekuacha na wewe, kwamba nitapita njia ya kwenu kama mgeni.

Nilimsindikiza Tabitha stendi. Nikamshukuru, nikamwambia najua sasa hatutaonana mara kwa mara.

Akanigeukia kwa hasira. "Unamwacha kaka. Mimi umeniacha lini? Baada ya mavuno tunajengea kaburi la mama. Nani atapika, kama si wewe?"

Akapanda basi, likaondoka. Nilisimama palepale nikalia, watu wakanipisha.

Nitakuja, mama. Pumzika kwa amani.

Ni mimi, mkweo, leo na baada ya Jumatatu,
Mama Anna