Tundu la Kisigino

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na magoti yako yamepunguza kelele za kupanda ngazi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujapata pa kukaa.

Najua hukutarajia mwandiko wangu. Miezi saba imepita tangu nitoke nyumbani kwa mwanao, na sikukuaga. Siku ile nilifika mpaka kona ya kwako, nikaona dirisha li wazi, nikasikia redio yako, nikageuza. Ningeingia ningekaa, na ningekaa nisingeondoka tena. Lakini leo sikuandika kuomba radhi. Nimeandika kuuliza kisigino.

Nimeanza kufuma soksi. Ndiyo, mimi huyuhuyu niliyekutazama miaka tisa ukifuma nikikucheka, "Mama, soksi si zinauzwa dukani!" Huku baridi inapandia sakafuni, ila si baridi iliyonianzisha. Ni mikono. Kazini nachonga meno ya bandia, magego na machonge ya watu nisiowajua, na mikono inatulia. Nikitoka tu, inaanza kuniwasha. Nikawa nazunguka mitaa kila jioni, mpaka mlinzi mmoja wa benki akaniuliza, "Dada, umepoteza nini? Hii ni mara ya nne unapita." Kumtazama, ana soksi mapajani, ameifunika kwa kofia, sindano zimechomoza kama miiba ya nungunungu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi chao.

Tunakutana Jumamosi mchana, chumba cha juu ya duka la dobi. Yupo mkunga mstaafu, yupo msusi ambaye vidole vyake hata huvioni vikienda, na yupo mwalimu wa hesabu anayehesabu mishono kwa sauti mpaka wote tunapotea. Nimefika kwenye kisigino nimekwama. Mkunga anasema hivi, msusi anasema vile, mwalimu kachora mchoro. Mimi nakumbuka tu kwamba visigino vyako havikutoboka hata kimoja. Unafanyaje?

Usinipigie. Najua simu yako mwanao ndiye anayekusomea. Andika kwa anwani ya duka la dobi.

Mkamwana wako, kama bado.


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika lakini yananifikisha. Nimefurahi kusikia mwili wako u mzima.

Kwanza nikugombeze. Siku ile nilikuona. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikaenda kubandika maji ya chai, nikajua unaingia. Maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaungua. Nakudai sufuria, sina zaidi la kusema. Mwanangu namjua tangu tumboni, na najua mtu hatoki nyumba ya raha.

Sasa kisigino. Gawa mishono nusu kwa nusu. Nusu ya mbele iache ilale, usiiguse. Nusu ya nyuma ifume kwenda na kurudi kama unafuma kitambaa, na kila ukianza mstari uhamishe mshono wa kwanza bila kuufuma. Kitambaa kikishakuwa mraba, ndipo ugeuze: fuma upite katikati kidogo, unganisha miwili, geuka, rudi. Kila safari unameza mmoja zaidi. Kitajikunja chenyewe kama kiganja cha mtu anayekinga maji. Usikivute. Wewe una tabia ya kuvuta.

Mimi siku hizi nafuma kwa vidole tu. Macho yameingia ukungu, hata taa naiona imevaa shela. Nilifundisha wasichana ushonaji miaka thelathini nikiwaambia "tazama unachofanya", na leo mimi ndiye nisiyetazama.

Huyo mlinzi wa benki, ameoa?

Mama yako. Sijui hilo "kama bado" umelitoa wapi.


14 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo tena. Vipi macho? Umekwenda hospitali, au bado unayatibu kwa kuyafumba? Mimi sijambo.

Kisigino kimegeuka! Nilipiga kelele, dobi akapanda juu akidhani kuna aliyejichoma sindano. Msusi alikichunguza ndani nje, akasema, "Huyu aliyekufundisha asife leo wala kesho." Mlinzi ana mke na watoto wanne, wote wanavaa soksi hata kiangazi, maskini. Kwa hiyo hilo lako tulifunge.

Mama, sikujua watu hawa wako wengi hivi. Kikundi chetu kinaandikiana na vikundi vya miji mingine, mingine ng'ambo kabisa. Wana mchezo wao: unafuma soksi moja, unaituma na uzi uliobaki kwa mtu usiyemjua, yeye anafuma ya pili. Yangu ilimwangukia mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli. Ya pili imerudi imekazwa kama ngoma, mguu hauingii! Ameandika, "Samahani binti, mkono wangu umezoea chuma." Tulicheka mpaka mkunga akalia. Siku hizo nakaa saa tatu nzima bila kutazama mlango.

Halafu Jumapili inafika. Nimehama chumba mara ya tatu. Cha kwanza kilikuwa kimya mno, cha pili jirani alikuwa anakohoa, hiki cha sasa sijui kina kosa gani ila tayari nimeshaangalia kingine. Nikilala nahisi nimeacha kitu jikoni kinaungua.

Uliuliza bila kuuliza, na mimi nijibu. Mwanao hakunipiga, hakunitukana. Alinyamaza tu. Miaka mitatu nilikuwa nikisema "chakula tayari" na kiti kinanijibu. Siku moja nilijisikia nikizungumza na birika. Ndipo nikachukua mkoba.

Mkamwana wako.


2 Juni

Binti yangu,

Natumaini u mzima na chumba ni kilekile. Mimi sijambo, ila barua hii nimeianza mara tano.

Bora uyasikie kwangu kuliko kwa watu. Mwanangu ameoa mwezi uliopita. Haikuwa sherehe, watu kumi tu na mchele ukabaki. Msichana mwenyewe ni karani wa stoo ya vitabu vya shule, mdogo kwako kwa miaka sita hivi. Nilijiandaa kumchukia. Nilivaa hata gauni la kumchukilia.

Wiki ya pili alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja kuitwa na daktari. Akaona kapu langu la nyuzi. "Mama, utanifundisha?" Nikamwuliza, "Huna kazi nyumbani?" Akasema, "Kazi ipo. Ila nyumba ile ina kimya kikubwa." Nikamsogezea kapu. Wewe unajua kwa nini.

Nimemfundisha. Sitakuficha, maana nikikuficha nitakuwa nimekufanyia yaleyale uliyoyakimbia. Lakini soksi zake zinatoka na tundu pale kisigino kinapokutana na mguu, pande zote mbili, kidole kinapita. Nalipapasa nalijua lipo, ila kuliona siwezi, na kumwonyesha siwezi. Nilikuwa na njia ya kuliziba, na wewe uliniona nikiifanya mara mia. Niandikie hatua zake, yeye anisomee.

Najua ninachokuomba. Siombi kwa sababu ni rahisi.

Mama yako.


30 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Nimengoja wiki nne. Kama barua ilipotea, niambie niandike nyingine. Kama ilifika, usinijibu ya soksi. Andika "nipo" tu. Mistari yangu inapanda mlima, naandika kwa kuweka rula, nivumilie.

Mama yako.


25 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nipo. Naomba radhi kwa kukufanya ungoje na macho hayo.

Barua yako ilifika, niliisoma nimesimama kwenye ngazi za dobi. Nikapanda juu, nikatoa soksi niliyokuwa naifuma, nzuri, ya kijani, imebaki vidole tu, nikaifumua yote mbele ya watu. Hata mwalimu aliacha kuhesabu. Nikaondoka, na sikurudi Jumamosi saba.

Nilikuwa na hasira, na si kwa mwanao. Yeye aoe, azeeke, ajaliwe. Hasira ilikuwa kwa kapu. Nilimwona akilini msichana yule amekaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, mkono kwenye kapu lako, na mikono yangu mimi ikaniwasha nikaona nitaing'oa. Nikahama tena, chumba cha nne. Nilitembea mji huu mpaka soli ikafunguka. Kazini nilichonga jino la mbele kubwa kuliko mdomo wa mwenyewe, bosi akanitazama tu.

Mkunga ndiye aliyenifuata. Alipanda ngazi zote za chumba kipya, akahema, akakaa kitandani maana kiti sijanunua. Nikamweleza yote. Nikamwambia, "Amechukua mume, sawa. Sasa anachukua na mama!" Akasema, "Mimi nimezalisha wanawake zaidi ya elfu mbili. Sijaona mama aliyezaa wa pili kwa kumrudisha wa kwanza." Nikalia. Akaninunia kwa sababu sina hata chai. Akaninunulia.

Halafu nikakumbuka ulichoandika, kwamba nyumba ile ina kimya kikubwa. Mama, hicho kimya nakijua rangi yake. Simtakii mtu.

Basi msomee, au akusomee. Akimaliza kugeuza kisigino, anaokota mishono ubavuni. Wote wanaishia hapo, ndipo tundu linapotokea. Asiishie hapo. Katika ile nafasi kati ya ubavu na nusu iliyolala, aokote mshono mmoja wa ziada, kila upande. Duara linalofuata, auunganishe huo wa ziada na jirani yake, aifume kama mmoja. Hapo panafunga. Na asivute. Mwambie ukivuta, tundu linahama tu, haliondoki.

Jumamosi nimerudi. Msusi alikuwa ameokota ule uzi wa kijani niliofumua, ameuosha, ameukunja vizuri, akanirushia bila kunitazama. "Shika, una deni la soksi."

Macho yako, Mama. Tafadhali.

Mkamwana wako wa kwanza.


10 Septemba

Binti yangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Nasema mimi, anaandika huyu. Jicho la kushoto limefunga kabisa na rula haisaidii tena. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, isipokuwa macho.

Hatua zako tulizisoma mara nne. Alifanya, akafumua, akafanya. Jana alinipa soksi nipapase, nikatafuta tundu kwa kidole, nikalikosa. Nilifurahi na nilikulilia, vyote pamoja. Hili mwandishi hataki kuliandika, nimemwambia aandike.

Mwanangu nimemwita. Nilimwambia, "Wa kwanza aliondoka kwa sababu ulinyamaza. Huyu akiondoka, usije kwangu." Akanyamaza. Nikampiga na pochi ya miwani. Ndipo akasema, "Mama, sijui pa kuanzia." Nikamwambia aanze na habari za asubuhi.

Nimekubali hospitali. Watasafisha jicho tarehe ishirini na tatu, Jumanne. Sikuombi kitu, una kazi yako. Nakuarifu tu.

Mama yako, kwa mkono wa mwingine.

Mama amelala sasa, na haya naongeza mwenyewe. Sijui nikuite nani, kwa hiyo sikuiti. Barua zako zote nimemsomea upya mimi, hata ile ya kiti na birika. Nilipofika hapo nilisimama, Mama akasema, "Endelea." Kumbe kimya kile, mtu mwingine akikijua, si aibu kubwa kama nilivyodhani. Mwanawe anasalimia sasa, kila asubuhi. Anasalimia vibaya, kama mtu anayesoma tangazo, lakini anasalimia.

Daktari anasema baada ya jicho Mama asiiname wala asibebe kitu siku saba. Mimi stoo wananipa siku mbili tu. Mama anaulizia posta kila mchana. Kila mtu anamwambia asiogope, naye anasema haogopi. Anaogopa. Njoo.


17 Septemba

Mdogo wangu,

Habari za hapo. Barua yako imefika leo asubuhi, na hii nampa dereva wa basi la usiku aikabidhi mkononi.

Nimepewa ruhusa ya siku kumi. Bosi alikubali haraka mno, nadhani meno yanataka niyape mapumziko. Nafika Jumatatu jioni. Nitalala kwa Mama, si kwenu, na mwanawe akija kumwona atanikuta. Nimeshafikiria nitakachomwambia. Nitaanza na habari za jioni.

Tusidanganyane kwamba tayari tunapendana. Kapu likiwa pale sijui nitafanya uso gani, nawe usinitazame sana siku ya kwanza. Kutulia mahali pamoja siku saba sijafanya tangu mwaka jana, huenda ukanikuta nazunguka nyumba. Ukinikuta hivyo, nipe kazi.

Usimwambie Mama kwamba nakuja. Akijua ataanza kufagia nyumba nzima na jicho hilo moja.

Dada yako.