Dakika Tatu za Kungojea

Kamina, 17 Novemba 1996

Kaka yangu mpendwa Mathieu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Baridi ya Liège imekuachia masikio? Sisi tunaamka, ila mama anakula kidogo sana.

Umeniuliza tena kama kweli tata, baba yetu, alikufa kule Kabondo-Dianda bila kuita msaada. Pia umenieleza jinsi ordinateri, ile kompyuta ya shule yenu, ilivyozibwa: haikuvunjwa wala kuibiwa, ila iliitwa na watu wengi wa uongo, ikamjibu kila mmoja na kumngojea, hadi wenye shida ya kweli wakakosa nafasi. Jambo hilo nalijua.

Unajua kazi yangu kwenye redio ya kuitana na vijiji, phonie ya patron Florent. Kijiji kikiita, najibu, kisha nangojea dakika tatu bila kupokea mwingine, maana betri zao ni dhaifu. Ndiyo adabu yetu. Mwezi wa nane mwenye phonie mpya ya sokoni alitaka wateja wetu, akawatuma watu wake waniite: Kamina, Kamina! Nikijibu, kimya. Dakika tatu zikiisha, mwingine. Mara wanajiita Luena, mara Sanga. Wateja walijaa mlangoni wakinitukana. Patron alisema ikiendelea hivyo, nitafute kazi pengine.

Siku ya nne mmoja akajifanya mzee, akakohoa, akaniita mtoto wake. Nilipojibu, akacheka. Hasira ilinipanda, kaka! Tangu hapo nilijibu sauti nilizozijua tu. Kazi ikatembea, patron akanisifu.

Sasa kaa chini. Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuja sauti nyembamba, yenye kikohozi: “Émerence, mutoto yangu, ni miye tata. Homa iko mubaya. Mutume camion.” Homa ilikuwa imeibadili sauti yake, sikuitambua. Nikaizima. Ikaita tena, nikaizima tena, hata nikatabasamu kwamba safari hii hawanipati. Camion, lori la patron, lilikuwa uani, lina mafuta. Jumamosi tukapata habari ya msiba.

Niliwaambia wewe na mama kwamba hakuita. Nilidanganya. Unaandika kwamba mashine haina kosa, haiwezi kujua nani wa kweli. Sawa, mashine. Mimi ni mtoto wake.

Mama anauliza kila siku kwa nini tata alinyamaza, kama alikuwa ametuchoka. Mwalimu Ézéchias anaichukua barua hii saa nane. Akishaondoka, nitamwambia mama kwamba tata alituita mara mbili.

Nisalimie wifi Phébé na watoto. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Émerence