Mama Koku, Wananiuliza Habari za Baridi

Mama Koku, mke wangu,

Nimechoshwa na mwanao. Naanza na hilo ili ujue kwamba siandiki kwa amani. Akifanya vizuri ni binti yetu, lakini kwa wiki tatu hizi Kokugonza ni mwanao wewe peke yako, maana ukaidi wa namna hii hautoki upande wa kwetu.

Unakumbuka kiwanda cha samaki kilivyokuwa kinapunguza zamu tangu ukiwa hai. Sasa kimepunguza na watu, na mimi nimo. Miaka yote ile nikitunza vyumba vya baridi, nikaitwa ofisini asubuhi moja, nikapewa mkono na barua. Sangara wamepungua ziwani, wakasema, utadhani ni mimi niliyewala. Nikarudi hapa Kibeta nikijiambia nitapumzika kidogo, kisha nitaona. Mwanao hakuniacha hata nivue viatu.

Siku hizi Koku anafundisha shule ya msingi huko Bakoba, na sauti ya darasani anarudi nayo nyumbani. Alikuja na simu mkononi, akakaa mbele yangu.

"Baba, kuna kampuni Dar inafungua kituo cha data. Wanatafuta watu."

Nikamwambia mimi kompyuta naijua kwa kuipita dukani kwa watoa fotokopi.

"Sikiliza kwanza, Baba. Ni jengo limejaa kompyuta za kutunza mambo ya watu. Mambo ya benki, ya simu, ya hospitali, yote yako mle. Zile mashine zikipata joto zinakufa. Wanataka mtu wa baridi. Yaani wanakutaka wewe!"

Basi tangu siku hiyo nakunywa chai na kituo cha data, nalala na kituo cha data. Kumbe mle ndani kazi ziko nyingi, na Koku alitaka nizipitie zote, moja moja, kama mtu anayechagua kitenge. Kuna watu wa umeme na jenereta. Kuna watu wa kulaza nyaya. Kuna walinzi, kuna wanaokaa mbele ya vioo usiku na mchana wakiangalia kama kuna taa imegeuka nyekundu. Kisha kuna watu wa kupoza, nao wamepewa jina refu ambalo nikilisoma mpaka mwisho nimesahau mwanzo. Nikauliza, huyu si fundi friji? "Ndiye, Baba, lakini usiandike hivyo." Sasa niandike nini? Nimekuwa fundi friji maisha yangu yote, leo nikiomba kazi ya ufundi friji naambiwa nisijitaje.

Nikwambie kitu ambacho yeye sijamwambia. Niliposoma habari za ile mitambo yao, moyo ulinienda mbio. Wana kompresa kubwa kuliko zote nilizowahi kuzigusa, na kila moja ina mwenzake pembeni anayengoja tu huyu wa kwanza achoke. Nilisoma mara mbili, nikajifanya nasinzia ili Koku asione.

Ila yeye akiniona nimetulia anahamia kwenye friji la nyumbani. Lile la kwetu, unalijua, limekufa tangu mwaka juzi. Tunawekea unga na vikombe vya wageni. "Mganga hajigangi," ananiambia kila asubuhi akichota unga. "Utawaambiaje watu wa Dar unajua baridi, na kwako friji ni kabati?" Wewe unajua sababu yake, na hapa duniani nilidhani naijua mimi peke yangu.

Lilikuwa friji la ugomvi wetu. Mwanamke uliolewa na fundi, na bado ulikuwa unafungua mlango na kusimama pale, mkono kiunoni, unatazama ndani dakika nzima kama umefika sokoni. Nilikuwa napiga kelele kutoka sebuleni: "Mlango!" Nawe hukugeuka hata mara moja. "Nafikiria, waitu," kwa lile neno letu la kubembelezana. Unafikiria nini, mama, na vilivyomo ni maziwa na kopo la senene? Kiwandani wanaume wazima walikuwa wananikimbia nikitamka mlango. Wewe ulikuwa unafikiria.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa mtu wa baridi. Hukumbuki tulivyokutana? Ulikuwa kwenye meza ya minofu, na kila mapumziko ulikuja kusimama juani ukutani, vidole vimekufa ganzi. Nikakupa koti langu la chumba cha baridi ulishike dakika tano. Dakika tano hizo hazijaisha. Uliolewa nalo, ukalimia nalo, ukamfunikia Koku akiwa mchanga, na leo mwanao analivaa kwenda kazini mvua ikinyesha, wala haoni haya.

Nilikuwa nakuambia habari za usaili. Wiki iliyopita watu wa Dar walinipigia kwa picha, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Walikuwa wawili, kijana mmoja na binti mhandisi ambaye angeweza kuwa mdogo wake Koku. Maswali mawili ya kwanza niliyajibu kwa urahisi. La tatu binti akaniuliza hivi: "Mzee, tueleze siku ambayo mtambo wa kupoza ulizima, huna spea, na ilikuwa lazima uwake. Ulifanya nini?"

Nikaanza kueleza habari ya samaki, mlango uliogoma kufunga, nikaishia katikati. Nikawa natazama kopo la sukari. Koku akanyakua simu: "Samahani, mtandao unatusumbua huku." Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Binti wa watu akasema hakuna shida, tutaongea tena Jumatano, na swali la tatu atalirudia. Sasa nisemeje? Wana maswali yote ya ulimwengu, wakachagua lile.

Maana unajua ni siku gani.

Ilikuwa Jumapili, siku ya pili tangu ututoke. Mama yako alikuwa Dodoma kwa kaka yako, alikopelekwa kutibiwa macho, na tulikubaliana huzikwi mpaka afike, naye angefika Jumatatu jioni. Mchana nikapeleka gauni lako la kwaya hospitali ili wakuvishe. Mhudumu wa mochwari, kijana tu, akanikuta mlangoni, hakunitazama. "Mzee, nisamehe. Mtambo umezima tangu asubuhi. Fundi wetu amesafiri."

Ungekuwepo ungeniambia nitulie. Nilimfokea yule kijana mpaka nikaishiwa maneno, kisha nikavua koti la suti na kuomba bisibisi. Kapasita ya kuwashia ilikuwa imevimba. Ni kidude kidogo tu, unakishika kiganjani, lakini kompresa haiamki bila hicho, na Jumapili maduka yote ya spea yamefungwa. Nikarudi nyumbani. Wanawake walikuwa nyuma wanapika, wanaume wamekaa mbele. Nikapitia jikoni, nikalivuta friji letu kutoka ukutani, nikang'oa kapasita yake, nikaitia mfukoni na kuondoka bila kumuaga mtu.

Haikulingana sawasawa. Ile kompresa iligoma mara ya kwanza, ikagoma ya pili. Ya tatu ikawaka. Nikageuza ndoo, nikakaa juu yake na kuitazama sindano ya kipimajoto ikishuka pole pole, nikawa nakuambia, safari hii, Mama Koku, tafadhali, mlango. Niliporudi jioni wenzio wa ukoo walikuwa wananong'ona. Shemeji yangu aliuliza kwa sauti ni mwanamume gani anayekimbia msiba wake mwenyewe. Ningesemaje? Kwamba nilikuwa natengeneza friji? Yule mhudumu nilimwapisha asimwambie mtu, na friji letu sikuligusa tena.

Basi Jumamosi hii nimekwenda Nshamba. Nimepunguzia majani migomba inayokufunika, nikang'oa magugu pembeni yako, kisha nikavuka kwenda kwa mama yako kumwarifu habari za kazi, maana siwezi kuhama mkoa asikie kwa watu. Tulikaa kama tunavyokaa siku zote, mimi kwenye kiti karibu na mlango, yeye kwenye mkeka, tunatazama pande tofauti kwa heshima. Dada yako akatuletea kahawa ya kutafuna. Nikaeleza. Mama yako akaanza kuhoji.

"Hiyo nyumba ina madirisha?"

"Haina, mama."

"Na ndani ni baridi."

"Baridi sana."

"Wenyewe wamepangwaje?"

"Kwenye makabati, mama. Safu kwa safu."

"Wanaongea?"

"Hapana. Ni mashine."

"Na mlangoni kuna askari, na umeme ukikatika jenereta inawaka hapo hapo." Akatafuna kidogo. "Mukwe wange, hiyo ni mochwari."

Dada yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilianza upya, kwamba hakuna mtu aliyekufa mle, kwamba wanatunza picha na barua na hesabu za watu walio hai. Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Mwanao ananichosha asubuhi, mama yako ananimalizia mchana, na wewe uliyekuwa unajua kuzungumza nao wote wawili umelala zako chini ya migomba. Ndiyo, nimekasirika. Nimekukasirikia na wewe. Nilikuwa sijakuambia, sasa nimekuambia.

Mama yako alingoja nimalize. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu nikuoe. Akageuka, akanitazama usoni.

"Waliokuita umewaambia kwamba uliniwekea mtoto?"

Nikauliza mtoto gani. Nilikuwa najua, lakini niliuliza.

"Yule kijana wa mochwari ni wa hapa Nshamba. Aliniambia siku ile ile niliposhuka kwenye basi. Nimekungoja uniambie mwenyewe, miaka miwili. Wewe ni mzito, waitu!" Akakunja kanga yake magotini. "Nilikuwa nimetoka kufunguliwa macho, mukwe wange. Miaka mingapi nilikuwa namwona mwanangu kama moshi? Nikafika, nikamkuta ni mwanangu. Nikamwona mpaka kale kakovu ka kwenye nyusi. Kama kuna watu wanatafuta mtu wa kutunza vitu vya wenzake, waambie hilo, uache samaki."

Nililia, Mama Koku, mbele ya mama mkwe wangu, na kahawa mdomoni. Hayo ndiyo mambo mnayonifanyia.

Nikamuuliza, na kaburi? Nikienda Dar, nani atalitazama? Akanijibu kwamba migomba haijawahi kuhitaji fundi friji, na kwamba yeye sasa anaona vizuri kuliko mimi. Kisha akageukia upande wake, tukarudi kwenye heshima zetu.

Kwa hiyo Jumatano nitawaeleza. Nimefanya mazoezi na Koku mezani, maana ilibidi yeye asikie kwanza. Nilimaliza, akanyamaza, na wewe unajua mtoto huyu hanyamazi. Halafu akaniambia kwamba miaka miwili yote amekuwa akinisimanga kwa ajili ya friji, kwa nini nilimwacha? Nikamwambia kwa sababu alikuwa anasema kweli, lilikuwa limekufa. Wakinichukua, nitakwenda. Wasiponichukua, angalau nitakuwa nimejibu swali.

Leo nimepita kwenye duka la spea, nikanunua kapasita. Kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi. Tulitoa unga, tukatoa vikombe, nikachomeka. Lilikoroma kidogo kisha likashika, na taa ya ndani ikawaka. Hiyo taa nilikuwa nimeisahau kabisa.

Koku alikwenda chumbani kusahihisha madaftari. Mimi nikabaki jikoni, nikafungua mlango, nikasimama, mkono kiunoni. Mle ndani hakuna kitu hata kimoja, Mama Koku. Baridi ikawa inanijia usoni kidogo kidogo.

"Baba!" akapiga kelele kutoka chumbani, na sauti ilikuwa yangu kabisa. "Mlango!"

"Nafikiria," nikamjibu.

Lala salama chini ya migomba yako. Mama yako anakutazama.

Mumeo,
Baba Koku