Dawa ya Mama Huku Majimoto

Dada Skola, hamjambo hapo Majengo?

Huku Majimoto maji yanatoka ardhini yakifuka mvuke, yananuka mayai viza, na watu wanayanywa kwa shukrani. Mama anasema yanatibu gesi, sukari na ukaidi wangu. Vidonge vyake vya sukari akavisusa.

“Dawa ya Mungu inatosha,” akaniambia.

“Sawa, mama. Mimi nikinywa kikombe kizima, utameza vidonge kwa maji hayo hayo?”

Akakubali. Nikanywa, nikashinda chooni. Yeye anameza kila siku bila ubishi, na leo zahanati wamempima, sukari imeshuka. Sasa anawahubiria wagonjwa wenzake kwamba maji yamemponya, nami naitikia amina.

Tumewakumbuka sana. Wabusu watoto. Mama anawaletea dumu zima.

Mdogo wako, Deo