Buluu Uliyoniachia

Da Zuhura,

Friji ya maabara bado inakoroma. Ni saa ya chakula, nimekaa juu ya ndoo yako. Vidole vyangu vimeingia buluu kama vyako. Sabuni haifui dafu. Ijumaa siendi tena kule mtaa wa Deira. Nitakunywa chai na nani?

Tangu moyo wako usimame, kazi yako ni yangu. Naukamua ule mwani wa matangini, unatoa rangi ya buluu ya kutilia aiskrimu na peremende. Wenzetu wakifuata karatasi ya maelekezo ya sir, bosi wetu, wanapata maji yaliyochujuka. Mimi naugandisha, nauyeyusha, naugandisha tena, kisha nauloweka kwenye maji ya baridi, jinsi ulivyonionyesha wenzetu wakiwa wametoka kula. Ukaninong'oneza, "Mwende, mkono huu wa kazi usimfundishe mtu. Wakiujua wote, watakutupa kama makapi."

Nilikutii. Sasa tazama.

Mama yangu kule Kitui anapoteza macho. Daktari kasema hayatarudi. Kwenye simu ananiambia, "Njoo nikuone mwanangu, hata mara moja, kabla giza halijanishika." Mara tatu nimeomba likizo, mara tatu sir kanijibu, "Ukienda wewe, buluu imekwenda. Ngoja, inshallah." Pasipoti yangu imo kabatini mwake. Nalia chooni, dada. Nimefungwa hapa Dubai, na kamba nimeisokota mwenyewe.

Nawe ulifungwa vilevile, ila hukusema. Miaka sita bila likizo, huku ukicheka, "Bila mimi hawa wataosha matangi tu!" Kwenu Unguja ukarudi ndani ya sanduku. Si wewe uliyeniambia mficha uchi hazai? Nakupenda, na nina hasira nawe.

Jana kaletwa Nakato, mama wa Kiganda mwenye wajukuu. Nilitaka kumfundisha yeye peke yake, nikaona nitamvisha pingu zangu. Kwa hiyo kesho nawaita wenzetu wote watano mezani, Nakato akiwamo, mlango wazi, nawaonyesha hatua kwa hatua. Sir akitaka, naye aje atazame. Huenda akanitupia pasipoti yangu na kunifukuza. Na anifukuze, mradi nifike mama angali anaona.

Nisamehe kwa kuuvunja wosia wako. Pumzika, Da Zuhura. Huko hakuna wa kukunyima ruhusa. Nakuahidi, nikifika nyumbani nitamnyooshea mama mikono hii kwanza, aione buluu yako kabla haijanitoka.

Mdogo wako,
Mwende